Chuma Kilichofufuliwa Makambako

Leo nimevuliwa nguo hadharani. Na wakati navuliwa, nilikuwa nimevaa bati. Nawaandikia kwenye kompyuta ya kukodi hapa Njombe ili habari mzipate kwangu, kabla Sanga hajawapigia simu na kuongeza chumvi.

Kanda yetu mnaijua. Kwa wale niliowapa bure wakaifuta na kurekodia mahubiri (mnajijua): ni albamu ya roki, nyimbo tisa, hadithi moja. Anayesimulia ni chuma cha Liganga. Kimelala chini ya mlima, kinawasikia wageni wanakuja kupima, wanakunywa chai, wanaondoka. Kinangoja. Kila wimbo una kibwagizo kilekile: "Niko chini, mnapita juu yangu, siku moja nitafukuliwa." Maneno hayo yalininyima usingizi.

Mapokezi nayo mnayajua. Mwandishi mmoja wa gazeti la Dar alisema kanda ni ndefu kama foleni ya sukari ya miaka ile, isipokuwa mwisho wa foleni mtu alipata sukari. Mtangazaji wa mojawapo ya hizi redio mpya aliuweka wimbo wa kwanza. Gitaa lilipoanza kunguruma akaukata, akawaomba radhi wasikilizaji kwa hitilafu ya mitambo. Hitilafu! Ule mngurumo ndio usanii wenyewe. Hapa Njombe watu walirudisha kanda dukani wakidai imenasa.

Sanga, mpiga besi wetu, alishachoka. Majuzi aliniambia, "Kaka, nionyeshe mtu mmoja tu aliyeipenda hii kanda. Nikimkosa, nauza besi, nafungua stoo ya viazi." Hakuwa anatania. Na vyombo vyote ni vya Sanga, na pikapu ni ya shemeji yake. Sanga akiondoka, mimi nabaki na daftari la mashairi na kikohozi.

Ndipo Mzee Shabani akapiga simu. Huyu anauza kanda karibu na stendi ya Makambako.

"Msanii wangu, kanda yako huku inatembea. Watu wanalia."

"Wanalia?"

"Wanalia kabisa. Sasa kuna familia ina shughuli yao Jumamosi. Wanakutaka wewe mwenyewe, uwapigie ule wa Niko Chini."

Shughuli. Niambieni kwa haki, nani kati yenu angesikia neno hilo asione keki? Mimi niliona harusi, tena ya watu wenye uwezo na wanaojua muziki. Nikaenda kwa fundi bati, akanikatia kizibao na kofia, nikavipaka rangi ya fedha. Nilitaka wamwone chuma mwenyewe anatoka ardhini. (Sanga aliletewa cha kwake, akakataa kukigusa.)

Leo asubuhi tukafika Makambako. Mzee Shabani alitupokea barabarani, akanipitisha mlango wa nyuma, akaniingiza kwenye ghala la mahindi nibadili nguo. Yeye akarudi dukani. Njiani niliona turubai, masufuria makubwa na akina mama wakipika wali. Kila kitu kilikuwa cha harusi. Nilipochungulia nje nikiwa na bati langu, nikawasalimia, "Kamwene!"

"Kamwene," wakaitika, na mmoja akaziba mdomo kwa khanga. Nikajua wamevutiwa.

Sanga alikuwa ameenda kufunga spika. Akarudi uso umekunjamana.

"Kaka, hawa watu mbona wametulia hivi?"

"Wanasubiri burudani."

"Na mchungaji yupo."

"Harusi gani haina mchungaji?"

"Bwana harusi simwoni."

"Atakuwa bado anavaa," nikasema, nikamsukuma arudi kwenye besi. Huo ukaidi wangu mnaufahamu tangu shule.

Basi nikahesabu moyoni, nikaruka nje hadi katikati ya turubai, bati likigongana kama masufuria yanayoanguka kabatini, nikainua mikono juu.

"Makambakooo! Nani anataka chuma?"

Hakuna aliyetaka. Mbele yangu palikuwa na meza, na juu yake picha ya mzee mmoja, maua na mshumaa. Pembeni yake mama aliyevaa nyeusi tupu. Nyuma yake kwaya nzima, wamesimama na majoho yao. Mtoto mmoja akaanza kulia. Mchungaji akanisogelea taratibu, akanishika bega, bati likalia.

"Karibu, ndugu. Tuko kwenye arobaini ya mzee wetu."

Nilitaka kukaa chini nipotee kati ya watu, lakini kizibao cha bati hakikunjiki. Nikabaki nimesimama. Yule mama mfiwa akanitazama kwa upole ulioniumiza zaidi kuliko matusi.

"Mwanangu, ndiye wewe wa ile kanda?"

"Ndiye mimi, mama."

"Mzee alipokuwa kitandani aliisikiliza kila siku. Wewe ulifiwa na nani hata ukaimba vile?"

Hapo ningesema "na mjomba" mambo yakaisha. Lakini mimi ni msanii.

"Sikufiwa, mama. Anayeimba ni chuma."

"Chuma?"

"Cha Liganga."

Nikamweleza. Nikaanzia wimbo wa kwanza mpaka wa tisa, wageni wanaopima, chai, gitaa kuwa mtambo wa kuchimba. Nilieleza nikiwa na kofia ya bati kichwani, mbele ya picha ya marehemu. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakuna mwandishi wa gazeti aliyewahi kunifanyia.

"Nimekusikia," akasema. "Sasa chuma kitafufuliwaje?"

"Kufukuliwa, mama. Kwa K."

"Siku moja nitafufuliwa. Ndivyo unavyoimba."

"Fukuliwa."

Mwalimu wa kwaya akaona anisaidie. Akainua mkono, kwaya nzima ikaimba kibwagizo changu kwa sauti nne, vizuri kuliko nilivyowahi kukiimba mimi, na F yao ilisikika mpaka barabarani. Nikaelewa kila kitu. Ule mngurumo wa gitaa niliougombania studio ulikuwa umeimeza K yangu katika nyimbo zote tisa. Kumbe Mzee Shabani aliiweka kanda kwenye rafu ya nyimbo za dini tangu siku ya kwanza, na watu wa Makambako wamekuwa wakizikana nayo.

"Pole, mwanangu," yule mama akasema. "Hilo la chuma liache kwanza. Utuimbie kama tulivyoielewa sisi."

Nikamgeukia Sanga. Sanga akaninong'oneza, "Kaka, ulikuwa unatafuta watu walioipenda. Si hawa? Imba F."

Nikavua kofia. Nikazima mngurumo. Nikaimba F.

Watu walilia, jamani. Mama alinikumbatia mpaka bati likabonyea. Nami nikalia, nikiililia kazi yangu yote, wao wakadhani naulilia msiba, wakaniletea maji ya kunywa. Aliyekuwa anacheka ni Sanga peke yake, amejificha nyuma ya spika.

Tulipokuwa tunapakia vyombo, baba mmoja mwenye heshima zake akanivuta pembeni. Akauliza kama mwezi ujao tuna nafasi.

"Mmefiwa?" nikamuuliza.

"Bado. Mzee wetu amelazwa hospitali ya Tandala."

"Hali yake mbaya?"

"Hapana, anaendelea vizuri, hata uji anakunywa mwenyewe. Ila nyie watu maarufu tunaogopa mtachukuliwa na wengine."

Naomba asicheke mtu. Mwombeeni tu huyo mzee wa Tandala, maana Sanga ameshakubali tarehe.