Cherehani ya Mke wa Asali

Asali, aliyeuza cherehani mezani kando ya barabara, alimwona mama mmoja mbele ya maduka ya vitambaa, kapu kubwa mkononi, akiuliza bei za cherehani na kuguna. Moyo ukamchangamka. Mtu anayeguna bei za dukani ni mteja wake kabisa.

"Karibu mama! Unatafuta ya kuanzia?"

"Ya binti yangu, baba. Anajifunza. Nataka ya bei nafuu, isiyo na makuu."

"Umefika. Anayeanza hahitaji mishono arobaini. Mshono ulionyooka na wa kupindapinda inamtosha. Hayo mengine ni mbwembwe za kukupandishia bei."

Ushauri ulikuwa wa kweli. Asali, tumpe haki yake, hakuwahi kumdanganya mtu kwenye ushauri. Udanganyifu aliuweka chini ya meza, nyuma ya kitambaa kirefu, ndani ya maboksi: cherehani zinazong'aa nje na tumboni hazina kitu. Ile ya juu ya meza tu ndiyo ilikuwa nzima. Mteja akishaijaribu, Asali huinama nayo "kuifunga", kisha huinuka na boksi jingine. Na hiyo nzima ilikuwa ya mkewe, aliyemwazima kwa sharti moja: "Isiporudi ilivyotoka, na wewe usirudi."

"Na ikigoma?" mama akauliza.

"Mwanzoni hugoma, mama. Inazoea mkono."

"Ahaa." Mama akaketi kwenye cherehani. "Inaweza nguo nzito? Kama hilo koti lako?"

Hapo maringo yakamponza. Kulivua hakuweza, maana ndani hakukuwa na shati, ni kola na tai tu. Basi akasogea na koti lake mwilini, akaweka pindo chini ya sindano.

"Shona mama, usiogope!"

Mama akashona. Akaenda mbele, akarudi nyuma, akaenda tena, huku Asali akiwapigia kelele wapita njia: "Mnaona? Koti zito hilo!" Halafu mama akakata uzi, akachomoa waya, akaitia cherehani kapuni. Kutoka kapu hilohilo akatoa nyingine ya sura ileile, akaiweka mezani.

"Hii ulimuuzia binti yangu juzi. Imekataa kuzoea mkono. Tumebadilishana, baba."

Asali akaruka kumfuata. Kitambaa cha meza kikaruka naye, maana pindo la koti lilikuwa limeshonewa hapo. Meza ikapinduka, maboksi yakapasuka, na kila mtu akaona yale matumbo matupu.

"Vua koti umkimbize!" mtu akamshauri, akicheka.

Asali akashika kifungo cha kwanza, akaikumbuka kola, akasita. Alipoamua kwamba heri aibu kuliko hasira za mke, mama alishakata kona.

Jioni alifika nyumbani na kitambaa cha meza kikiburuzika nyuma yake. Mkewe akaipokea cherehani pale mlangoni, akachomeka waya, akakanyaga pedeli. Kimya. Akakanyaga tena, kisha akamtazama.

"Mwanzoni hugoma," Asali akasema kwa sauti ndogo. "Inazoea mkono."

Mkewe akamrudishia mikononi.

"Basi kaa nayo hapo nje mpaka izoee," akasema, na kufunga mlango.