Gunia Lililolinda Nyumba

Jumapili, 22 Desemba

Wamuyu ametangulia Siakago kwa wazazi wake na watoto. Ameniachia maneno makali. Ati tangu nimuoe hajawahi kula Krismasi kwao kwa sababu mimi naogopa kuacha nyumba, na mwaka huu nisipofika, Januari nisimngoje. Ati nimpe Kobia ufunguo atulindie. Kobia! Jirani ambaye kila Desemba anauliza tunasafiri lini. Ya nini kujua? Mwaka jana wezi waliingia kwa mwalimu mmoja hapa Nkubu, wakabeba hadi sufuria na nyama ikiwa ndani. Mimi kila nilicho nacho duniani kiko kwa hii nyumba.

Leo kanisani nimesimama nikatangaza kwamba nabaki, ati kifua kinanibana. Wakaniombea. Nikaitikia amina kwa nguvu.

Jumatatu, 23 Desemba

Mpango umekamilika. Gambuti zangu za mvua mlangoni. Suruali kwa kamba ya nguo. Redio inaongea Kimeru, sauti juu. Kitandani nimelaza gunia la maganda ya maharagwe, nikalifunika blanketi, nikalivalisha kofia yangu ya sufu. Pazia nimeacha wazi kidogo, makusudi. Taa inawaka. Dirishani nimepanga vipande vya chupa. Mwizi akichungulia anaona mwenye nyumba amelala. Nilienda nje nikachungulia mwenyewe. Nikajiogopa!

Jumanne, 24 Desemba

Nimetoka alfajiri kupitia migomba ya nyuma, viatu mkononi. Karambu, mama wa boma la pili, alikuwa anakama ng'ombe. Hakuniona. Wajinga kweli hawa majirani.

Siakago ni jua tupu. Wamuyu alifurahi hadi akanishika mkono mbele ya mama yake. Akauliza ufunguo nimeachia nani. Nikasema Kobia. Uongo mdogo tu, wa kuleta amani.

Jumatano, 25 Desemba

Kobia amenipigia simu. Sijashika. Angesikia mbuzi wa baba mkwe na watu wakiongea Kimbeere, angejua siko. Akapiga tena. Nikazima. Anapima kama niko! Si nilisema? Nimekula mukimo wa viazi sahani mbili kwa furaha ya kumshinda.

Alhamisi, 26 Desemba

Balaa. Tulikuwa tunakula mbavu za mbuzi, simu ya Wamuyu ikalia. Ni Karambu. Sasa, kwetu msiba hausemwi kwa simu. Karambu akamwambia polepole arudi Nkubu, baba Mukiri, ndio mimi, hajisikii vizuri, ni kidogo tu, lakini asije peke yake. Wamuyu akaniangalia. Nilikuwa na mfupa mdomoni. Akamjibu kwamba baba Mukiri yuko mbele yake anatafuna.

Karambu akawaita wenzake wangoje. Lakini tayari kwenye simu tukasikia mlango ukivunjwa na watu wakilia. Mlango wangu wa mbao ya mvule!

Kumbe suruali ilinyeshewa juzi na jana, hakuna wa kuianua. Redio haizimwi. Simu haishikwi. Kobia akachungulia dirishani, akaona nimelala vile vile, bila hata kugeuka. Na kanisani nilikuwa nimesema kifua kinanibana.

Wamuyu hakunigombeza. Aliuliza tu kwa nini Kobia avunje mlango na ana ufunguo. Nikaendelea kuguguna mfupa. Akainua sahani yangu, akaenda nayo jikoni.

Ijumaa, 27 Desemba

Nimerudi peke yangu. Uani kuna viti vya kanisa. Kobia amekaa palipokuwa na mlango, mkono umefungwa bandeji. Alikatwa na chupa zangu za dirishani. Nani alimtuma dirishani? Ati amelala hapo na wengine, kwa zamu, wezi wasije wakaingia kwa nyumba isiyo na mlango. Nikapita ndani nikakagua. Televisheni iko. Mtungi wa gesi uko. Sukari imepungua. Nikatoka nikauliza nani amepika chai, na nani atanijengea mlango.

Karambu ndiye aliyejibu.

"Tulilia, baba Mukiri," akasema. "Tulililia gunia."

Kobia aliinuka. Alichukua koti lake akaenda. Wengine wakabeba viti, wakamfuata. Hasira ya nini, na aliyevunjiwa ni mimi?

Jumanne, 31 Desemba

Wamuyu amepiga simu. Amewatafutia watoto shule hukohuko Siakago. Nikamwambia nyumba iko salama, hakuna kilichoibwa, arudi. Akasema, "Hao watu walikulilia. Wewe ukauliza sukari." Akakata.

Nimekaa sana na simu mkononi. Nyumba bila watoto ni baridi, hilo nakubali. Majirani wanapita hapo langoni bila kunisalimia. Sawa tu! Angalau hakuna tena wa kuniuliza nasafiri lini.

Nimeongea na fundi. Ananitengenezea mlango wa chuma, makomeo matatu kwa ndani, na madirisha yote nondo. Mwaka huu mpya nimejipanga. Hapo hata nikifa kweli, hakuna mtu ataingia.