Hali Rasmi ya Wodi ya Wazazi

Serikali ilitangaza, kwa furaha isiyo kifani na kupitia spika mbili zilizokuwa zikikoroma, kwamba kuanzia siku ile nchi haikuwa tena na jengo hata moja lililotelekezwa. Yaliyokuwepo hayakubomolewa wala hayakukarabatiwa. Yalibadilishwa jina tu. Sasa yaliitwa majengo yaliyopumzika, na kwa kuwa kinachopumzika kinahitaji msimamizi ili kisiamke ovyo, iliundwa Idara ya Majengo Yaliyopumzika, ikapewa ghorofa nzima ya kupanga katikati ya mji, yenye viyoyozi, zulia na Mkurugenzi.

Mkurugenzi alikuwa mtu wa vitendo, na kitendo chake cha kwanza kilikuwa waraka. "Hali rasmi ya jengo," waraka ulisema, "ni ile inayoonekana kwenye picha yake ya karibuni kabisa iliyopigwa na mpigapicha aliyeidhinishwa. Hali nyingine yoyote, ikiwemo ile inayoonekana kwa macho, haitatambuliwa." Aliwasomea wafanyakazi wake mara mbili, na mara ya pili akajipigia makofi kidogo. Kilichobaki kilikuwa kumpata mpigapicha.

Wakampata Flashi. Jina hilo alibandikwa na vijana wa mtaani kwao kwa sababu hakuwahi hata siku moja kutumia flashi. Wapigapicha wenzake walikula kwa harusi na mahafali. Yeye aliingia kwenye magofu: kiwanda cha nguo kilichofungwa, sinema iliyobaki na viti, shule iliyobaki na popo. Kamera aliifunga juu ya stendi ya miguu mitatu, akapiga picha za mahali palepale moja baada ya nyingine: moja ya giza, ili mwanga wa dirishani usiunguze kila kitu, nyingine ya wastani, nyingine ya mwanga mwingi, mpaka kona zilizojificha zijitokeze. Nyumbani kompyuta ilizichanganya zikawa picha moja, na humo dirisha na uvungu wa kitanda vilionekana sawasawa, jambo ambalo hata jicho halimudu. Kutu ikawa dhahabu. Rangi iliyobanduka ikawa nakshi. Watu walisema, "Kumbe pale pazuri hivi!" na Flashi akavimba kichwa, maana sifa alizipenda kuliko usingizi.

Jengo la kwanza alilopangiwa lilikuwa mtaani kwao: wodi ya wazazi. Lilijengwa kwa mbwembwe, likapigwa vigae vyeupe, likawekwa masinki yasiyo na mabomba na swichi zisizo na waya. Paa lilipofika nusu, jengo likapumzika. Tangu hapo kinamama wa mtaa waliendelea kubebwa kwa pikipiki hadi hospitali ya ng'ambo ya mto, na si wote waliofika. Mke wa fundi viatu alijifungulia kando ya barabara, mgongo ameuegemeza kwenye nguzo ya umeme, na mtoto wake hakulia.

Aliyempokea mtoto yule ni Shangazi, dada wa baba yake Flashi, aliyemlea tangu anatambaa. Alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke wa maneno machache na mikono isiyotetemeka. Tangu siku ile hakuna ofisi ambayo hakuigonga kuomba nusu ya pili ya paa.

"Shangazi, nimepata kazi ya serikali," Flashi alimwambia. "Napiga picha wodi yetu."

"Afadhali! Sasa wataliona lile tundu la paa. Lipige, mwanangu. Lipige vizuri mpaka waziri aone haya."

"Nitalipiga vizuri, Shangazi."

Na balaa lilianzia hapo, kwa sababu kweli alilipiga vizuri.

Siku ya kazi Mkurugenzi alifika mwenyewe, na msafara. Alitaka kuonekana pichani akitembea, kwani kiongozi, alieleza, haonekani amesimama, huonekana akisonga mbele.

"Mkurugenzi, nitapiga picha kadhaa halafu nizichanganye," Flashi alisema. "Ukitikisika utatoka mzuka."

"Mimi sitikisiki."

Simu yake ikaita. Akaipokea, akazunguka, akacheka, akakunja uso, akanyoosha mkono kuagiza kitu. Wakati huohuo mbuzi wa jirani, aliyezoea kulala pale, aliingia, akasimama kando ya sinki, akaikodolea kamera macho bila kupepesa hata ukope mpaka kazi ikaisha.

Picha zilipelekwa mbele ya Kamati ya Mwanga, iliyoundwa asubuhi ileile kwa ajili hiyo. Mwenyekiti wake alianza na zile ambazo hazijachanganywa. Akaiinua ya giza.

"Hii umempigia nani? Wapinzani?"

"Hapana, mzee. Ile ya giza inahifadhi dirisha."

"Serikali haihifadhi giza. Na hii nyeupe inatusifu kupita kiasi, tutaulizwa. Changanya."

"Ndiyo hii, nimeshachanganya."

Waliipokea picha ya mchanganyiko kwa mikono miwili. Mwanga ulishuka kutoka kwenye tundu la paa ukamwagika juu ya vigae, ukuta ukawaka rangi ya asali, na ukungu wa sakafuni ukang'aa kijani kibichi. Kamati iliandika kwamba wodi ina dirisha la juu la kisasa na zulia la asili. Kulikuwa na kasoro moja tu: Mkurugenzi alionekana mara tatu, mara zote hana miguu, na mara mbili unaliona sinki kupitia tumbo lake. Ikaamuliwa afutwe. Mbuzi alibakishwa, kwa kuwa alikuwa ametoa ushirikiano.

Kisha, kwa mujibu wa waraka, wodi ikahesabiwa kuwa imekamilika. Na kwa kuwa imekamilika, maombi yote ya paa yakafungwa. Gazeti lilichapisha picha ukurasa mzima, na chini yake maneno: KINAMAMA KARIBUNI.

Flashi alimkuta Shangazi ameketi kizingitini, gazeti liko magotini.

"Wanasema ni picha ya mwaka," alisema, sauti ikimpungua.

"Nzuri. Sijawahi kuona kitu kizuri hivi." Shangazi alilikunja gazeti taratibu. "Nilikutuma kwa kidonda, baba. Umekipaka poda."

"Lakini Shangazi, mimi ndivyo ninavyopiga..."

"Mke wa kinyozi ana mimba kubwa. Kamwambie yeye ndivyo unavyopiga."

Flashi aliingia ndani. Nakala ya picha ile, aliyokuwa ameitundika sebuleni, akaigeuza ikatazama ukuta.

Huko juu, mambo yalizidi kunoga. Picha ilitundikwa kwenye maonyesho ya mafanikio, kubwa kama mlango wa gereji, na Waziri akasimama mbele yake mpaka walinzi wakaanza kuangaliana.

"Mkurugenzi," alisema, "jengo zuri namna hii lipo, halafu idara yako inakaa kwenye ghorofa ya kupanga?"

"Mheshimiwa, lile ni la wananchi..."

"Wananchi watabanana na nyie. Ni jengo kubwa. Hamieni huko wiki hii."

Mkurugenzi alifungua mdomo aseme kwamba halina paa. Pembeni alisimama mwenyekiti wa Kamati ya Mwanga, waraka mkononi, akitabasamu kwa utiifu. Mkurugenzi akafunga mdomo, akashukuru kwa imani aliyoonyeshwa.

Wakahama. Watumishi wadogo, watu wa kujua dunia, waliwahi ile nusu yenye paa kabla lori halijazima injini. Meza ya Mkurugenzi, mti mzito wa kung'arishwa, pana kuliko vitanda vingi, haikupita mlango wowote wa ndani. Ikawekwa ukumbini, chini kabisa ya dirisha la juu la kisasa. Jua lilipowaka, Mkurugenzi aliokwa. Mvua iliponyesha, alisaini majalada chini ya mwavuli. Aliandikia wizara kuomba paa, akajibiwa kwa haraka ya kupongezwa: "Rejea waraka wako. Kwenye picha hakuna mvua." Mbuzi alirudi pia, akasimama pale pale pake kando ya sinki, na kwa kuwa alikuwa kwenye picha, hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kumfukuza.

Ikafika siku ya mke wa kinyozi. Uchungu ulimshika mchana kweupe, mto umejaa, pikipiki hazivuki. Shangazi hakubishana na mto. Alimshika mkono, akampeleka wodini, mumewe nyuma na beseni la maji ya moto, na Flashi nyuma yake, kamera begani kwa mazoea.

"Mama, hapa ni ofisi," Mkurugenzi alisema akiinuka.

"Kwenye picha ni wodi ya wazazi," Shangazi alijibu, akaikagua meza kwa jicho moja kama anayepima kitambaa.

Mkurugenzi alimgeukia mwenyekiti wa Kamati, aliyekuwa amehamia naye.

"Ni kweli, mkuu," mwenyekiti alisema kwa masikitiko. "Ofisi haionekani popote pichani. Hata wewe tulikufuta."

Mke wa kinyozi akatoa ukelele uliomaliza mjadala. Shangazi alifagia majalada kwa kiwiko, akaipangusa meza kwa maji ya moto, akatandika shuka safi, akampandisha. Wanaume wakageuzwa wakatazama ukuta. Hapo ndipo mvua ikaanza, matone makubwa, yakiingia kwenye tundu bila hodi.

"Wewe wa suti! Shika mwavuli."

"Nimeushika, mama."

"Juu yake, siyo juu yako! Na macho yako huko huko ukutani."

Mkurugenzi aliunyoosha mkono. Mvua ilimwingia kwenye kola, ikashuka mgongoni, ikajaa viatuni. Simu yake iliita mfukoni, ikakata, ikaita tena. Hakuthubutu kuigusa. Mke wa kinyozi alikuwa ameikamata tai yake na kuivuta kila uchungu ulipopanda, naye Mkurugenzi, pengine kwa mara ya kwanza tangu ateuliwe, alikuwa akitetemeka kwa ajili ya mtu mwingine.

Mtoto akalia. Alilia kwa hasira na kwa sauti kubwa, na Flashi, aliyekuwa amekigandamiza kipaji cha uso kwenye vigae, alijikuta analia naye.

Shangazi alimfunika mama vizuri, akamlaza mtoto kifuani pake, akawauliza yeye na mumewe kama wangependa picha. Walikubali. Ndipo akageuka.

"Haya. Lete hiyo kamera. Na safari hii usinipakie poda."

Flashi alisimamisha stendi ya miguu mitatu mlangoni. "Mkurugenzi, usitikisike. Simama kama mbuzi."

Hakukuwa na haja ya kumwambia. Mkurugenzi alikuwa amesimama tuli, maji yanamchuruzika puani, mwavuli umenyooka juu ya meza. Flashi akapiga ya giza, ya wastani na ya mwanga mwingi. Alipozichanganya, hakuna mzuka hata mmoja. Mama, mtoto, meza, mbuzi, mwenye mwavuli: kila mmoja alitoka wazi hadi vifungo. Na juu yao, bila asali wala dhahabu, lilitoka tundu la paa, mbao zake zilizovunjika zinahesabika, mvua inapita katikati.

Asubuhi yake aliipeleka masjala ya wizara. Karani aliuangalia waraka: picha ya karibuni kabisa, ndiyo, mpigapicha aliyeidhinishwa, ndiyo. Akagonga mhuri. Kuanzia dakika ile wodi ikawa rasmi haina paa. Wizara, isiyoweza kuukana waraka iliokuwa imeutumia yenyewe, ikawaagiza mafundi, na mabati yakaanza kushushwa uwanjani mbele ya macho ya mtaa mzima.

Mkurugenzi alikimbilia wizarani, suti bado ina unyevu, kuomba arudishwe kwenye ghorofa ya zulia.

"Wewe ni nani?" aliulizwa dirishani.

"Mkurugenzi wa Majengo Yaliyopumzika!"

Karani alileta picha, akaweka kidole juu yake, akamtazama, akaitazama tena.

"Kwenye picha hakuna mkurugenzi, mzee. Kuna mkunga, mzazi, mtoto, mbuzi na mshika mwavuli. Mbuzi siyo wewe."

Kwa hiyo alirudi, na kituo chake cha kazi kikabaki kando ya meza ileile, mpaka mafundi watakapomaliza. Kila siku alikwenda kuwasihi waharakishe, na hakuna mtu katika mtaa ule aliyewahi kulilia paa kwa uchungu kama yeye. Mawingu yalipokusanyika tena, mjamzito mwingine alikuwa ameshafika mlangoni, na Shangazi akapaza sauti kutoka ndani:

"Mwambieni mshika mwavuli asogee kidogo kushoto. Hapo ndipo panavuja."