Mapacha wa Hospitali Walivyovaa Sare

Jumatatu, tarehe 4 Machi
Leo hospitali nzima iko kabatini kwangu! Sitanii. Binti yangu, fundi wa kompyuta pale hospitali, karudi na diski mbili, kila moja kama kipande cha sabuni. Kanieleza polepole, maana mimi niliishia darasa la saba, ingawa kichwa ninacho. Kazini kwao kuna mashine mbili kubwa, kama mapacha. Mmoja akianguka, mwenzake anabeba mzigo, mgonjwa hajui lolote. Kila pacha ana diski yake ya mfumo, ndiyo yenye akili zake na jina lake. Hizi ni nakala. Moja kaibandika karatasi "Kwanza", nyingine "Pili". Nakala hukaa mbali, hata jengo likiungua zibaki. Mkuu wake karidhia zikae kwetu. Kati ya nyumba zote! Ijumaa muda wake wa majaribio unakwisha: ama anaajiriwa, ama anaaga. Nikaapa sitazigusa.

Jumanne, tarehe 5
Nimezigusa kidogo. Wifi anakuja kesho. Habari za mwanawe mfamasia tumelishwa mpaka tumevimbiwa. Na mimi sasa nina cha kuonyesha! Lakini zile karatasi, ovyo. Mwandiko kama kuku kaparua. Nimezibandua. Nimefuma vifuko viwili vya uzi wa waridi. Pacha huvishwa sare, hilo halihitaji chuo.

Jumatano, tarehe 6
Wifi kafika. Nikazitoa kwenye sinia. Kauliza kama ni sabuni za wageni. Nikamwambia hapo ulipo, wifi yangu, presha yako yote imo humu. Akavuta kiti nyuma! Kisha kasema mwanawe hutibu watu, hafumii vyuma nguo. Wivu hauna dawa, hata kwa mfamasia.

Alhamisi, tarehe 7
Pacha wa Pili kaanguka! Saa nne asubuhi binti kaingia mbio, pikipiki inamsubiri nje. Diski ya Pili imekufa. Kwanza yuko peke yake na foleni imefika getini; naye akilemewa, hospitali nzima inarudi kwenye daftari. Mama, nipe ya Pili, haraka. Nikamkabidhi waridi mbili. Kauliza ipi ni ipi. Nikamwambia, si wewe ndiye mama yao? Kumbe Pili akipewa akili za Kwanza, wataitika jina moja, wagombane, waanguke wote. Na ajira ndiyo kwaheri! Jasho likanitoka. Nikazipima kwa viganja. Nikazinusa. Nikachagua ya kushoto, kwa uhakika kabisa.

Hakunisikiliza. Kafungua kompyuta yake juu ya kitanda changu, kachomeka, kasoma jina lililomo ndani. Ilikuwa ya kulia. Katoka nayo mbio, kifuko kikipepea.

Ijumaa, tarehe 8
Kaajiriwa! Mkuu kasema Pili alisimama kabla ya adhuhuri, na hajapata kuona fundi mtulivu hivi. Utulivu kautoa wapi kama si kwa mama? Ila nakala sasa zitafungiwa kwenye sefu. Gere tu. Binti kanikalisha: mama, kitu cha kazi hakipambwi. Nimeitikia mara tatu.

Sasa yuko bafuni. Barua ya ajira ataipeleka Jumatatu kwa ofisa utumishi, afunguliwe faili. Nimeitia kwenye fremu, wifi aione kesho. Ilizidi kidogo. Nimekata pale chini tu, penye sahihi na mihuri. Palikuwa panaharibu uzuri.