Habari za Kufunguka kwa Sufuria ya Mama Mkwe

Tegeni masikio, enyi mlioketi vibarazani na mliosimama jikoni, enyi mabingwa wa mapishi na ninyi ambao hata chai huwaungulia! Wengine watawasimulia wafalme waliovunja malango ya miji. Mimi nawaletea habari ya mtu aliyefungua sufuria. Msicheke mapema. Malango ya mji husukumwa na jeshi zima, bali sufuria hii ilimkabili mtu mmoja mwembamba, mwenye miwani, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajala.

Huyo ndiye Mkufunzi, Simba wa Ubao, Mpasua-milinganyo, Mwenye Chaki Mfuko wa Kulia na Akiba Mfuko wa Kushoto. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha vijana wa uhandisi wa mitambo jinsi gesi zinavyokaa zikichanganywa katika chombo kimoja. Gesi zake zilikuwa gesi kamilifu, ambazo, kama wakwe wakamilifu, hupatikana vitabuni tu. Na sheria aliyoipenda kuliko zote aliitangaza kila mwaka kwa sauti ya mpiga mbiu: "Kila gesi hujiendea kana kwamba imo chomboni peke yake! Haimjui jirani, haimsalimii! Lakini ukuta wa chombo, enyi vijana, hubeba msukumo wa zote kwa jumla!"

Vijana waliandika. Hawakujua kwamba mwalimu wao alikuwa akiwasimulia nyumbani kwake.

Kwa maana tangu baba mkwe alipofariki, Mkufunzi na mkewe waliwachukua wanawake wawili wakae nao: Mama Mkwe, mjane wa marehemu, na Shangazi, dada wa marehemu. Wifi hao walipendana sana, mpaka siku ile chumvi ilipotiwa mara mbili katika chungu kimoja, na kila mmoja akaapa kwamba aliyetia ya pili ni mwenzake. Tangu hapo hawakusemezana. Jiko lilikuwa moja, makopo ya chumvi mawili, na kila mmoja alipika kana kwamba mwenzake hayumo duniani. Msukumo wa wote wawili ulimwangukia ukuta wa chombo, na ukuta huo ulikuwa Mkufunzi.

"Baba, mwambie huyo aliyeko dirishani aniondolee mwiko wake."

"Mwanangu, mjibu aliyekutuma kwamba mwiko hauna meno, hautamuuma."

"Ndiyo, Mama," alisema Mkufunzi. "Ndiyo, Shangazi." Naye akauondoa mwiko mwenyewe.

Basi asubuhi ya siku ya vita, mkewe, ambaye alikuwa muuguzi, alisimama mlangoni akienda zamu. "Mume wangu," akasema, "nimechoka. Nikirudi mchana nikute chakula na nikute amani. Kimoja kikikosekana, usinieleze, mimi nitapita moja kwa moja nikalale." Mkufunzi akaweka mkono kifuani, akaapa kwa chaki zake zote mbili.

Kiapo hicho kilikuwa bado kibichi alipopita jikoni na kuiona dhambi. Mama Mkwe alikuwa amebandika nyama katika sufuria yake nene, aliyopewa na marehemu mumewe siku ya ndoa, akaenda uani kuanika nguo. Kifuniko cha sufuria hiyo kilikwisha kupinda zamani, na mvuke ulikuwa ukitoroka kwa wingi. Roho ya mhandisi ikamuuma. Joto lote lile linakwenda kupasha dari! Akainua macho, akaona rafuni kifuniko cha Shangazi, kizito, chenye mpira kuzunguka ukingo, alichonunua kwa mshahara wake wa kwanza wa ushonaji. Akakishusha, akakijaribu. Kilikaa sawasawa, kama vile vilizaliwa tumbo moja. Mvuke ukatoka kwa nguvu chini ya ukingo, ukiitimua na hewa iliyokuwa ndani. Nyama ilipoiva, Mkufunzi akazima moto, akakikandamiza kifuniko kwa kiganja, akaenda kusahihisha mitihani akiwa na tabasamu la mtu aliyewatumikia wanadamu.

Sufuria ikapoa. Mama Mkwe akaja kupakua, akashika kirungu cha kifuniko, akavuta. Sufuria nzima ikanyanyuka mekoni pamoja nacho.

"Hee! Nani amenifungia nyama yangu?"

Shangazi akaja mbio, kwa maana kifuniko chake alikitambua hata kwa mlio. Hakumtazama wifi yake. Alimtazama Mkufunzi, aliyetokea na kalamu nyekundu mkononi. "Mwanangu, niulizie. Mali yangu inafanya nini juu ya mali ya watu?"

"Na mimi niulizie," akasema Mama Mkwe, "sufuria ya marehemu mume wangu imetekwa na nani?"

Hapo ungetazamia shujaa akiri. Hakukiri. Simba wa Ubao alisafisha miwani yake, akasema kwamba jambo hilo linahitaji uchunguzi.

Akauchunguza kwa mikono kwanza. Akavuta hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Akapenyeza kijiko, kijiko kikapinda, kikatoka vitani kabla ya wenzake. Mama Mkwe alipoona hivyo akaita juu ya ua, na mara akaingia Fundi Cheche, mchomea vyuma wa jirani, Mfalme wa Miwani Myeusi, ameshika keekee ya umeme na waya wake unaburuta nyuma kama mkia.

"Hii kazi ndogo tu," akatamka Fundi Cheche. "Natoboa kifuniko."

"Kitobolewe," akasema Shangazi kwa upole wa kutisha, "na mimi leo hii nakwenda zangu." Akaingia chumbani, akatoka na begi. Kumbe lilikuwa limepangwa siku nyingi. Akalisimamisha kizingitini, mkono juu ya mpini.

"Basi nikate sufuria."

"Sufuria ya marehemu?" Mama Mkwe akafunga kanga kiunoni. "Kata! Halafu uone kama nitalala nyumba hii."

Fundi Cheche akamgeukia Mkufunzi. "Sasa jamani, mimi nikate nini?" Na macho yake yakatua kwenye shingo nyembamba ya shujaa wetu.

Mkufunzi aliogopa, tusifiche. Hakuiogopa keekee. Aliliogopa lile begi. Alimjua mkewe: angerudi, angepata nyumba imebaki na mtu mmoja au haina hata mmoja, na asingesema neno, angepita akalale. Na yeye mwenyewe, pamoja na miiko yote aliyoiondoa, aliwapenda wazee hawa wawili. Nyumba bila mmoja wao asingeijua.

Kwa woga huo akatenda kosa ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angepata sifuri kwalo. Akawaza kwamba chuma kikipoa husinyaa, akaitumbukiza sufuria katika beseni la maji baridi. Kifuniko kikatoa mlio mdogo wa mtu anayemeza mate, kikabonyea katikati.

"Umezidisha," akasema Shangazi.

"Amezidisha," akasema Mama Mkwe, bila kujua kwamba amekubaliana na adui.

Mkufunzi akaweka kiganja juu ya ule mbonyeo. Akapiga hesabu kimoyomoyo, midomo ikimchezacheza. Kisha uso wake ukabadilika, mgongo ukanyooka, na mkono wa kulia ukaenda mfukoni kutafuta chaki.

"Wekeni chini silaha!" akanguruma, na Fundi Cheche, kwa mshangao, akaweka. "Ninyi mnavuta, mnapinda vijiko, mnadhani kifuniko kimeng'ang'ania. Hakikung'ang'ania! Kimekaliwa! Humo ndani walikuwamo wawili, hewa na mvuke. Kila mmoja alijiona yuko peke yake. Hakumsemesha mwenzake, hakuona faida yake. Kumbe ni wao wawili kwa pamoja waliokuwa wakiizuia dunia iliyoko nje! Sasa mvuke umepoa, umekuwa maji, umeondoka. Hewa iliyobaki ni kidogo, haiwezi peke yake. Mmoja akishaondoka, dunia nzima humkalia aliyebaki! Hakuna cha kutoboa wala cha kukata. Dawa ni moja: arudishwe aliyeondoka."

Alimaanisha mvuke. Naapa alimaanisha mvuke tu, wala hakuna neno jingine lililokuwa kichwani mwake. Akaitoa sufuria majini, akaifuta kitako, akaiweka mekoni, akawasha moto mdogo, akainama kuitazama. Jiko likawa kimya. Mkufunzi alidhani ni kile kimya cha darasani, kabla ya mtu kuuliza kama hili litatoka kwenye mtihani. Hakumwona Shangazi akikitazama kiganja chake juu ya mpini wa begi. Hakumwona Mama Mkwe akilitazama begi lenyewe, kisha akitazama sakafu.

Moto ukafanya kazi yake. Ndani ya ngome maji yakaanza kugeuka, mvuke ukarudi nyumbani kidogo kidogo, ukachukua nafasi yake kando ya hewa. Mbonyeo ukajikunjua. Ukingoni pakasikika: *pff*. Pumzi ndogo, ya mtu aliyetua mzigo.

Shujaa akashika kirungu kwa vidole viwili. Akainua. Kifuniko kikaja! Akakiinua juu kama ngao, na wingu la mvuke likampanda usoni likatanda juu ya miwani, hata saa ile kuu ya maisha yake hakuona chochote. Alisikia tu.

Alisikia kijiko kikigusa sufuria. Alisikia mtu akipuliza. Kisha sauti ya Mama Mkwe, ndogo, iliyokwaruza kwa kutotumika:

"Wifi. Hebu onja chumvi."

Begi likaburutwa sakafuni. Mkufunzi, kipofu, ngao ikimdondoshea maji kwenye mkono wa shati, hakujua linaburutwa kwenda wapi. Kisha hatua zikaja upande wa jiko.

"Imepungua," akasema Shangazi.

"Tia basi."

"Tia wewe."

"Nimekwambia tia. Tukitia wote itakuwa kama siku ile."

Mmoja akaguna, mwingine akacheka, kisha wote wakacheka mpaka Fundi Cheche naye akacheka bila kujua kisa. Mama Mkwe akajifuta macho.

"Lakini wifi, nani aliyekwenda kufunika sufuria yangu kwa kifuniko chako?"

"Nani mwingine? Mkwe wetu huyu."

"Mkwe wetu huyu!"

Wakamgeukia kwa pamoja, na jumla ya msukumo wao ikamwangukia ukuta wa chombo. Walimsema mpaka nyama ikapashwa tena, wakamsema akipanga sahani, na mkewe alipoingia mchana walikuwa bado wanamsema, kwa zamu, mmoja akimkamilishia mwenzake sentensi. Mke akatazama chakula. Akawatazama wazee wawili wamekaa benchi moja. Akamtazama mumewe aliyelowa, anatabasamu kama mtu aliyepewa nchi.

"Umefanya nini?" akauliza.

"Nimefungua sufuria," akasema.

Basi na wajue walioko na watakaozaliwa, na wachonga mawe watafute jiwe, kwamba siku hiyo sufuria ilifunguka wala hakikutobolewa kitu. Makopo ya chumvi yangali mawili, historia haipendi kulazimishwa. Lakini kifuniko cha Shangazi hakikurudi rafuni. Kinakaa juu ya sufuria ya Mama Mkwe, na chini ya ukingo wake hupachikwa kile kijiko kilichopinda, ili walioko ndani wapate kupumua.