Viatu vya Mwalimu Nagase

Jumatatu, 20 Aprili
Alhamisi anakuja mwalimu wa mjukuu wangu Kotoha. Kila masika walimu hupita nyumba kwa nyumba kujuana na wazazi. Siku hizi husimama mlangoni tu, hawali, hawanywi, wanainama na kwenda zao. Ila jirani yangu Kuwabara anatamba mtaa mzima: mwaka jana mwalimu aliingia kwake, akaketi, akala figili yake ya achari. Figili ile hata paka aliisusa. Wetu nitamkalisha mpaka jua lizame.

Jumanne, 21 Aprili
Sanae, mke wa mwanangu, kanusa kitu. Baba, kasema, ukiniaibisha Alhamisi nakupeleka kijijini Akita kwa dada yako Tokie. Tokie hufungia pombe ya mchele kabatini kwa kufuli. Nikamwambia, nitakuwa kama sanamu.

Alhamisi, 23 Aprili
Mwalimu Nagase kafika. Kijana mpole, soksi imetoboka. Nikajifanya nina kizunguzungu, anishike mkono. Ilibidi avue viatu, aingie. Sanae akammiminia chai.

Wakaanza mambo mazito. Mwalimu kasema Kotoha hajatamka neno darasani tangu shule ifunguliwe, je, nyumbani huongea? Sanae akajibu kwamba nyumbani kuna mtu hampi nafasi. Wakanitazama. Sijui kwa nini.

Nikanyata mpaka mlangoni, nikavichukua viatu vyake na kuvificha ndani ya bafu, lile beseni la kuogea, chini ya kifuniko chake. Bila viatu aende wapi?

Muda wa kuaga ukafika. Viatu hamna. Sanae kapekua mpaka kwenye miavuli. Ghafla bafu, ambalo hujijaza lenyewe jioni, likatangaza kwa sauti yake ya kike ya mashine kuwa maji ya moto yako tayari. Nilikuwa nimesahau. Ndipo Kotoha, yule bubu wa darasani, akamwambia mwalimu: ni babu, kaviweka bafuni, nimemwona, na kizunguzungu chake ni cha uongo. Hakunyamaza tena. Mwalimu kachekaje!

Kwa haraka nikamvalisha ndara za kwenda nazo. Zilikuwa za chooni. Akatoka nazo barabarani, viatu vilivyolowa mkononi, hadi kwa Kuwabara, aliyemkalisha, akamkaushia viatu na kumlisha figili mpaka jua likazama.

Jumapili, 26 Aprili
Akita. Kufuli ni jipya. Sanae kapiga simu: Kotoha sasa anaongea mpaka mwalimu anamwomba apumzike. Nani kamfungua mdomo? Shukrani sijaiona.

Kesho kutwa muuguzi wa wilaya anakuja kutupima wazee. Jirani wa Tokie anajisifu kwamba muuguzi huyo hukaa sana kwake. Nimelikagua bafu la hapa. La zamani, la kuni. Halijijazi, wala halina mdomo.