Mtu wa Leba Anakuja Alhamisi

Jumatatu, 9 Juni

Nimekwisha! Barua imekuja kutoka ofisi ya leba. Afisa mmoja, Bwana Orina, atatutembelea Alhamisi saa nne kuhusu "ubaguzi na unyanyasaji kazini". Nilisoma hapo tu. Nikaitupa kwenye droo na kufunga kwa ufunguo.

Najua ni nani aliyenishtaki. Ni Cheptoo! Amechambua majani chai hapa kiwandani miaka sita, na mwezi jana akaomba kazi ya karani wa mizani. Nilimuuliza swali la kawaida tu: ataolewa lini, na akishika mimba nani atawapimia wakulima majani? Kisha kazi nikampa mpwa wangu Zack, dereva wa trekta. Zack haelewi mizani, lakini hawezi kushika mimba. Huo si ubaguzi, ni kupanga mambo mapema.

Nimempigia simu Mama Wanjuhi, mwenye kiwanda, yuko Kericho mjini. Nimemwambia ni ziara ndogo tu. Amesema kiwanda chake hakijawahi kuaibika, na siku kikiaibika, meneja Johana, yaani mimi, atarudi kwake kukama ng'ombe. Ng'ombe wangu ni mmoja, na ni dume.

Jumanne, 10 Juni

Nimesoma sheria kwa simu. Mwajiri mwenye watu ishirini na zaidi lazima awe na sera ya maandishi kuhusu unyanyasaji wa kijinsia, tena ashauriane na wafanyakazi. Sisi tuko ishirini na watatu. Rahisi! Nimewapa wanne likizo mpaka Ijumaa. Kumi na tisa. Hatuhusiki.

Saa sita wote wanne walikuwa wamerudi. Eti nyumbani kuna baridi, na hapa kuna moto wa kukaushia majani. Wawili wamekuja na dada zao.

Basi, sera. Binamu yangu Lenah anafanya kazi hospitali fulani, akanitumia ya kwao. Kila palipoandikwa "mgonjwa" nimeweka "mchuma majani". Kuna mahali sasa panasema mchuma majani asiguswe bila glavu, lakini ni nani atasoma mpaka huko?

Mkutano alasiri. Sala ya kufungua imechukua nusu saa. Nelvine wa mashine ya kukaushia akauliza kama sera inamkataza meneja kumwita "kipusa" mbele ya wateja. Nikasema huo ni utani. Akasema yeye hajaucheka hata siku moja. Mwingine akauliza malalamiko yapelekwe kwa nani. Kwangu. Na kama ni juu yangu? Nikasema yaletwe kwangu vilevile, nitajikemea vikali. Wamecheka! Watu hawana adabu. Wamekubali kusaini baada ya chai na mkate.

Jumatano, 11 Juni

Mpango wa mwisho: kumtuliza Cheptoo. Kwetu mtu aliyekosa haendi mikono mitupu. Nikabeba kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, nikavaa koti la kanisa, nikamchukua mjomba Kipkemboi awe shahidi. Tukafika kwao, huko Mogogosiek, saa kumi jioni.

Ole wangu! Baba yake aliona kibuyu, akaona koti, akaona mzee mwenye fimbo, akatuma majirani waitwe. Mama akatandika vitambaa vipya kwenye viti. Mjomba hakujua tumefuata nini, lakini anapenda heshima, kwa hivyo akasimama na kuanza kuusifu ukoo wetu. Walipouliza nimejiandaa na ng'ombe wangapi ndipo nikaelewa. Nimekuja kuposa! Mimi, mwenye mke na watoto watano!

Cheptoo akaingia kutoka shambani. Akanitazama, akatazama kibuyu. Akauliza: nilimnyima kazi kwa sababu ataolewa, na sasa nimekuja kumwoa mwenyewe? Baba yake akakifunga kibuyu na kunirudishia. Mjomba bado alikuwa anasifu ukoo.

Mke wangu Chepchumba alijua kabla sijafika nyumbani. Nimekula ugali bila mboga.

Alhamisi, 12 Juni

Bwana Orina amefika saa nne kamili. Mtu mpole. Kabla hajaketi nikaungama yote: swali la mimba, Zack, kipusa, likizo, kibuyu. Machozi yalinitoka kidogo. Yeye aliandika tu, akaandika. Mwishowe akaniuliza kama nilisoma ukurasa wa pili wa barua.

Kuna ukurasa wa pili! Nikafungua droo. Ni mwaliko wa mafunzo ya bure kwa waajiri wote wa eneo hili. Hakuna aliyelalamika. Cheptoo hakuwa amesema neno kwa mtu yeyote.

Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Bwana Orina akasema sheria hairuhusu kumnyima mtu kazi kwa sababu ya mimba, sembuse mimba ambayo haipo. Akampigia Mama Wanjuhi. Nikangoja nje kando ya rundo la kuni. Miaka kumi na mmoja nimekuwa meneja hapa! Nilimfikiria yule dume.

Nimepona! Sifukuzwi! Ni onyo la maandishi, sera iandikwe upya, usaili urudiwe kesho na Mama mwenyewe aulize maswali. Na nimwombe Cheptoo msamaha mbele ya wote, bila kibuyu. Nimeomba. Kongoi, asante, Mungu wangu! Nilifurahi mpaka nikamsalimia mbwa wa getini.

Ijumaa, 13 Juni

Cheptoo amepata kazi. Zack amerudi kwenye trekta akiimba. Kumbe mizani ilikuwa inamnyima usingizi. Leo wakulima wamepimiwa wote kufikia saa saba, jambo ambalo sijaliona tangu nianze kazi hapa. Chepchumba amerudisha mboga.

Moyo wangu ni mwepesi. Na funzo nimelipata: barua isomwe mpaka ukurasa wa pili.

Nelvine anaenda likizo ya uzazi mwezi ujao, kwa hivyo tunahitaji mtu wa mashine. Safari hii sitaki kufichaficha mambo. Nimeandika tangazo wazi: "Anatakiwa mwanamume, mtu wa hapa hapa nyumbani, asiye na mipango ya mtoto." Nimempa Cheptoo alibandike kwenye mlango wa mizani. Ameniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia abandike, tena juu, watu waone.

Amelipiga picha kwanza. Anasema anamtumia Bwana Orina. Msichana mzuri, hana kinyongo kabisa. Orina anajua watu wengi. Mtu wa mashine atapatikana haraka.